Hofu ya Filamu Haitokani na Muziki Peke Yake

Baadhi ya watazamaji huamini kwamba filamu ya kusisimua hutia hofu kwa muziki wake tu. Muziki una nguvu, hilo halina ubishi. Lakini kamera nayo hufanya kazi kubwa, hasa kwa kuficha: huukaribia uso wa mhusika tusione kilicho nyuma yake, huacha mlango wazi gizani pembeni mwa picha, au humsogelea polepole mno hata mtazamaji akajikuta amezuia pumzi. Anayetaka kuhakikisha azime sauti, arudie tukio hilohilo, ahesabu sekunde kabla picha haijabadilika, na aangalie ni sehemu gani ya chumba ambayo haonyeshwi. Kwa kawaida wasiwasi hupungua, ila hauishi.