Sukari na mafuta si hadithi yote ya unene

Wengi huamini kwamba chakula cha kiwandani hunenepesha kwa sababu ya sukari, chumvi na mafuta tu, hivyo vikipunguzwa, tatizo limekwisha. Utafiti wa mtaalamu wa lishe Kevin Hall, uliochapishwa mwaka 2019, unaitia dhana hiyo shaka kubwa.

Watu wazima 20 walilazwa majuma manne katika kituo cha Taasisi ya Taifa ya Afya ya Marekani, huko Bethesda, Maryland, wakila majuma mawili vyakula vya kiwandani vilivyosindikwa kupita kiasi na mawili mengine vyakula visivyosindikwa hivyo. Milo iliyoandaliwa ya pande zote mbili ilifanywa iwe sawa kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, hata ikabidi nyuzinyuzi zikorogwe kwenye vinywaji vya upande wa kiwandani, kwa kuwa chakula chenyewe hakikuwa nazo za kutosha. Kila mtu aliruhusiwa kula hadi atosheke.

Wakiwa kwenye vyakula vya kiwandani, walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku na kuongezeka karibu kilo moja. Kwenye vile vingine walipungua kiasi hichohicho. Ladha haikuwa sababu, maana walisema milo yote iliwapendeza karibu sawa. Walikula haraka zaidi, pengine kwa kuwa chakula laini hakidai kutafunwa sana, ingawa kwangu maelezo hayo peke yake hayatoshi. Majuma mawili ni machache, lakini wachache wanaochunguza ulaji hupata nafasi ya kupima kila sahani.