Kadi ya Maktaba Haiulizi Uko Darasa la Ngapi

Malalamiko yanayofika kwenye kaunta za maktaba za umma jijini Nairobi yameongezeka, na mengi ni ya viti na faini. Nitayafikia. Kwanza kuna dhana ambayo sisi wakutubi huisahihisha kila siku mlangoni: kwamba maktaba ni ukumbi wa watahiniwa. Sivyo. Mama mboga wa Makadara anayetaka kitabu cha ufugaji wa kuku hahitaji barua ya mwalimu mkuu. Mzee aliyestaafu hana haja ya kueleza anasomea nini.

Najua woga wa kuingia ulikotoka. Maktaba ya McMillan, pale Barabara ya Banda karibu na Msikiti wa Jamia, ilifunguliwa mwaka 1931. Lady Lucie McMillan aliijenga kumkumbuka mumewe, Sir William Northrup McMillan, aliyefariki mwaka 1925, na Shirika la Carnegie la Marekani likachangia gharama. Hadi mwaka 1958 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika hata angejua kusoma namna gani, wale simba wawili wa mlangoni hawakuwa wake kuwapita. Mwaka 1962 Halmashauri ya Jiji ikaichukua, pamoja na kazi ya kuifikisha huduma Eastlands, mitaa ya mashariki ya jiji, ambako leo kuna matawi ya Kaloleni na Makadara. Mwaka 1965 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Huduma ya Maktaba za Taifa, ambayo Maktaba Kuu yake iko Upper Hill, na Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ikaorodhesha maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Tangu 2018 shirika la Book Bunk limeshirikiana na Kaunti kuyakarabati majengo matatu ya McMillan, Kaloleni na Makadara. Kwa hiyo inaniuma kumwona mjukuu wa mtu aliyefungiwa mlango akipita nje leo na kudhani pale si pake.

Ndani kuna zaidi ya vitabu vya kiada. McMillan ina magazeti ya tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Anayefuatilia historia ya mtaa wake, mwandishi wa habari, hata mtu anayetafuta tangazo la zamani katika gazeti, aje aulize. Magazeti hayo husomewa papo hapo, hayaazimwi, na ukurasa ukichanwa hakuna duka la kununua mwingine.

Sasa utaratibu. Kujiandikisha, mtu mzima huja na kitambulisho cha taifa au pasipoti. Mtoto huandikishwa na mzazi au mlezi, ambaye ndiye atakayewajibika. Jaza fomu kwa ukamilifu, pamoja na anwani unayoishi sasa, si ya kijijini. Ada zimebandikwa kwenye kila tawi, na hizo ndizo zinazotumika. Usifuate ulizosikia kwa jirani. Lipa kwa njia rasmi iliyobandikwa na uchukue risiti. Usimpe mtumishi yeyote pesa mkononi.

Kitabu kina tarehe ya kurejeshwa. Ukihitaji muda zaidi, omba kuongezewa kabla ya tarehe hiyo kufika, na utaongezewa iwapo hakuna msomaji mwingine anayekingoja. Ikipita, faini huhesabiwa kwa kila siku na kwa kila kitabu. Vitabu vitatu vilivyochelewa ni faini tatu, na kusema "nilikuwa shagz", yaani kijijini, hakuzifuti. Kikipotea, toa taarifa mapema. Hesabu ya siku husimama siku uliyotoa taarifa, kisha utaleta nakala ileile au ulipe thamani yake. Kikiibwa pamoja na begi lako, leta abstrakti ya polisi, yaani hati ya kuonyesha umeripoti wizi huo. Abstrakti haifuti deni, ila inatusaidia kulishughulikia kwa haki.

Kuhusu viti: begi halishiki nafasi. Ukitoka kwenda kula, toka na vitu vyako.

Wapo pia wazazi, waume na wake wanaokuja kuuliza fulani aliazima nini. Hatusemi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatubana, na hata isingekuwepo tusingesema. Binti anayesoma kuhusu afya ya uzazi ana haki ya kusoma bila kuchunguzwa, na kumkaripia karani wa kaunta hakutabadilisha jibu. Kwa mtoto mdogo, mzazi aliyemwandikisha aongee na msimamizi wa tawi.

Mwisho, wenye vitabu vya zamani nyumbani, vyenye muhuri wa maktaba, vya miaka mitano au hata thelathini: virudisheni. Wengi huvificha kwa kuogopa faini iliyolimbikizana. Njoo umwone msimamizi wa tawi, umweleze hali yako, naye atakuambia kanuni zinamruhusu kufanya nini. Mimi siwezi kuahidi msamaha hapa. Kitabu kikabidhiwe kaunta na kiandikwe mbele yako. Ukikuta kaunta imefungwa, usimwachie askari wa lango wala usikisukume chini ya mlango. Rudi nacho siku ya kazi inayofuata.