Jumuiya haijiungwi

"Huyu hakujiunga na jumuiya." Maneno haya husikika mlangoni pa ofisi ya parokia, kwenye vikao vya msiba, hata kwenye matangazo baada ya Komunyo. Kila yanaposemwa huimarisha wazo lile lile: kwamba jumuiya ni kitu ambacho Mkatoliki huingia akitaka, hukilipia, na akishindwa kulipa hutolewa. Wazo hilo si sahihi, na linaumiza watu.

Maana yenyewe ni fupi. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ni familia za Wakatoliki wanaoishi jirani ndani ya parokia moja, wanaokutana nyumba kwa nyumba, kwa kawaida mara moja kwa wiki, kusali, kulisoma Neno la Mungu na kutunzana. Jumuiya kadhaa hufanya kanda au kigango, na vigango hufanya parokia. Zina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na msimamizi wa liturujia, na kila moja ina mtakatifu msimamizi wake. Hayo karibu kila msomaji anayajua. Shida iko kwenye neno "jumuiya" lenyewe, na tukitaka haki lazima tukiri kwamba neno hili limechangia kutupotosha.

Jumuiya limetoka katika Kiarabu, jam'iyya, lenye shina la konsonanti tatu, j, m na 'ain, ambalo maana yake ni kukusanya. Ukoo wake katika Kiswahili ni mkubwa: Ijumaa, yaani siku ya watu kukusanyika, kisha jamaa, jamii, jumuika, jumuisha. Jumla na jumlisha, ambayo wengi huyaweka humo, ni ya shina jingine, j-m-l; yamefanana kwa sura tu. Sasa, katika Kiarabu cha leo jam'iyya si kusanyiko lolote lile. Ni chama, chenye kanuni zake, orodha ya wanachama na ada. Huko Misri neno hilo hilo, kwa matamshi yao gam'iyya, ndilo jina la mchezo wa kupokezana fedha, ule ambao sisi huuita upatu. Kwa hiyo mtu anayeiona jumuiya ya Kikristo kama upatu wenye Rozari ndani yake, kwa upande wa Kiarabu ana hoja.

Kiswahili cha siasa nacho kimeongeza uzito upande huo huo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ni kitu cha kujiunga: nchi huomba, hukaguliwa, hutia saini, kama ilivyofanya Kongo mwaka 2022. Jumuiya ya Wazazi ya CCM ina wanachama. Mtu aliyekulia katikati ya lugha hiyo akisikia "jumuiya ya Mtakatifu Yosefu", atauliza moja kwa moja, "Kiingilio ni shilingi ngapi?" Swali ni la kweli kwa jinsi anavyolijua neno, ila katika jumuiya ya Kikristo swali hilo halina mahali.

Majina mengine yalikuwepo. Mashariki ya Kongo, Bukavu kwa mfano, Wakatoliki wengi husema shirika pale Mtanzania anaposema jumuiya. Mtanzania akisikia "leo tuna shirika nyumbani kwetu" atadhani masista wamekuja, maana kwake shirika ni la watawa. Lakini neno hilo lina uzuri wake: shina lake ni kushiriki, nalo liko karibu kabisa na ule "ushirika" ambao Matendo ya Mitume 2:42 unasema waamini wa kwanza walidumu ndani yake. Neno jamaa nalo lilikwisha kutumika huko Katanga, ambako katika miaka ya 1950 Padre Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alianzisha mwendo wa kiroho wa mume na mke pamoja ulioitwa Jamaa. Mwendo ule ulikuwa na ngazi za kuingia, mtu akipandishwa moja baada ya nyingine. Jumuiya haina ngazi, na hapo ndipo tofauti ilipo.

Kuna jambo la sarufi pia. Kiswahili kikirudia kivumishi namna hii, "ndogo ndogo", mara nyingi kinasema vitu ni vingi na kila kimoja ni kidogo, kama tunavyosema vijiji vidogo vidogo. Parokia ina jumuiya ndogo ndogo. Wewe unasali katika jumuiya ndogo. Anayeandika "Jumuiya Ndogo Ndogo ya Mtakatifu Anna" hatendi dhambi, lakini amebeba wingi akauweka juu ya kitu kimoja. Na huo udogo si pambo la jina. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, wakati huo wa Kenya, Tanzania, Uganda, Malawi na Zambia, walipokutana Nairobi mwaka 1973, walisisitiza kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya za pale pale watu wanapoishi na kufanya kazi kila siku, ziwe za ukubwa unaowawezesha kujuana kweli. Mwaka 1976 walilirudia jambo hilo na kulifanya kipaumbele chao cha kichungaji. Wenzao wa Kongo walikwisha kuchagua njia hiyo tangu 1961.

Tazama basi kilichochaguliwa: mahali watu wanapoishi. Hakikuchaguliwa kipaji, wala umri, wala kazi, wala ibada mtu anayoipenda. Vitu hivyo vina makao yake, nayo ni vyama vya kitume. WAWATA ni ya wanawake. VIWAWA ni ya vijana. Utoto Mtakatifu ni wa watoto. Lejio ya Maria, iliyoanzishwa Dublin mwaka 1921, humpokea mtu baada ya muda wa majaribio usiopungua miezi 3, kisha hutoa ahadi. Hivi vyote mtu hujiunga navyo, na Sheria ya Kanisa, ile ya mwaka 1983, inavijua kwa jina hilo: kanoni, yaani kifungu, ya 298 inaeleza vyama vya waamini, ya 307 inaeleza jinsi wanachama wanavyopokelewa, ya 308 inaeleza kwamba aliyepokelewa kihalali haondolewi ila kwa sababu ya haki. Kupokelewa na kuondolewa ni mambo ya vyama.

Jumuiya inafuata njia ya parokia. Parokia kwa kawaida ni ya eneo, ndivyo inavyosema kanoni ya 518, na kanoni ya 107 inasema kila mtu hupata paroko wake kwa makazi yake. Makazi hayo, kwa kanoni ya 102, hupatikana kwa kukaa mahali kwa nia ya kudumu hapo au kwa kutimiza miaka 5. Na hata aliyehamia kwa nia ya kukaa miezi 3 tu tayari ana makazi ya namna fulani yanayompa paroko. Hakuna mahali anapotakiwa kujaza fomu ili awe wa parokia. Sheria ile ya 1983 haiitaji jumuiya ndogo ndogo kwa jina, lakini jumuiya ni kipande cha parokia, na kipande hakiwezi kuwa na mlango mwembamba kuliko nyumba nzima. Mkatoliki aliyebatizwa akipanga chumba ndani ya mipaka yenu, usiku ule anapolala humo kwa mara ya kwanza, mna mtu mmoja zaidi. Hata asipojitokeza kusali ni wenu. Kinachobaki ni kumfuata.

Wenye shule, vyuo na kambi watauliza kuhusu jumuiya zao zisizo za mtaa. Ni kweli zipo, kama zilivyo parokia za lugha au taifa fulani ambazo kanoni hiyo hiyo ya 518 inaziruhusu. Hata humo, anayelala bweni lile ni wa jumuiya ile.

Hapa ndipo kosa la neno linapogeuka kosa la matendo. Likisemwa "mwanachama", hufuata "mwanachama hai". Likisemwa "hai", hufuata daftari la mahudhurio, na daftari huzaa faini ya kukosa kufika. Mlinzi wa usiku anayetoka kazini saa 12 asubuhi, saa ile ile jumuiya nyingi za mijini zinapoanza sala ya Jumamosi, anajikuta na deni kwa sababu ya zamu yake. Mama mwenye genge la mboga anakwenda sokoni alfajiri, naye anadaiwa.

Mpangilio wa saa moja ya sala huonyesha haraka jumuiya imeelewa nini. Njia ya hatua saba iliyosambazwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini inajulikana sana: kumkaribisha Bwana kwa sala, kusoma Injili, mara nyingi ile ya Dominika inayokuja, kila mmoja kutaja neno au kifungu kilichomgusa, na kukirudia taratibu mara tatu, kukaa kimya, kushirikishana, kuzungumzia kazi ambayo jumuiya itaifanya, kisha sala za papo kwa papo. Ukimya ukiwa dakika 3 au 5, kushirikishana kukipewa robo saa, saa moja inatosha vizuri. Panapoharibika ni pale hatua ya pili inapofuatwa na "asante kwa Neno, sasa twende kwenye michango". Ukimya huo huonekana kama muda uliopotea. Hatua ya sita, ambayo ilikuwa ya kuuliza ni nani mgonjwa na nani atakwenda kumwona, hugeuka kusomewa majina: fulani elfu tano, fulani elfu mbili, fulani bado. Mtazame yule wa "bado". Anainama kufunga kandambili ambayo haina kamba. Wiki inayofuata hayupo, na wiki ya tatu anaandikwa si hai. Michango ni ya lazima katika maisha ya pamoja, wagonjwa na misiba haviendeshwi kwa maneno matupu. Ila ikusanywe mwisho, katika kikapu kilichofunikwa, na mweka hazina asome jumla peke yake.

Jambo zito zaidi ni barua. Katika parokia nyingi mtu anayetaka mtoto abatizwe, au anayetaka ndoa, huanza kwa mwenyekiti wa jumuiya kuchukua barua. Utaratibu huu una sababu nzuri. Paroko mwenye vigango kadhaa hawezi kumjua kila mzazi, na kanoni ya 868 inamtaka awe na tumaini lenye msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Nani atampa msingi huo kama si majirani? Barua ni ushuhuda wa jirani. Haikukusudiwa kuwa stakabadhi ya madeni. Kanoni ya 843 inakataza wahudumu kuwanyima sakramenti wanaoziomba kwa wakati ufaao, wakiwa na maandalizi yanayostahili na pasipo kizuizi cha sheria. Deni la mchango wa harambee ya paa si kizuizi cha sheria.

Na mazishi. "Hakuwa wa jumuiya, hatumziki." Kanoni ya 1176 inasema waamini waliokufa lazima wapewe mazishi ya Kanisa. Wanaonyimwa wametajwa katika kanoni ya 1184, nao ni wachache: waasi-dini, wazushi na wafarakano wanaojulikana wazi, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wengine wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini, na hao wote ni pale tu ambapo hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa. Penye shaka, anaulizwa askofu. Kutokuonekana jumuiyani Jumamosi hakumo katika orodha hiyo. Mwenyekiti hana mamlaka ya kuliongeza jambo hilo, na maneno yake mlangoni mwa wafiwa hukumbukwa miaka mingi.

Hakuna anayesema kwamba kutokufika ni sawa. Anayeijua jumuiya siku ya barua tu amewanyima majirani zake uso wake, amejinyima pia maombi yao, na aambiwe hivyo kwa upole, akiwa mzima. Namna ya kumwambia ni kumtembelea. Katibu awe na daftari la nyumba badala ya daftari la mahudhurio: nyumba ipi, nani anaishi, nani amehamia mwezi huu, nani haamki kitandani na anahitaji kupelekewa Komunyo. Wapangaji wapya waulizwe kwa mwenye nyumba. Familia zikizidi thelathini hivi, sebule haitoshi, watu hukaa nje ya dirisha na sauti za wachache ndizo zinazosikika. Hapo jumuiya igawanywe, mpaka ufuate barabara au mfereji ambao kila mtu anauona, wala usifuate kabila au urafiki wa viongozi. Anayehama mtaa apewe barua ya kumtambulisha kule aendako, na jumuiya mpya ijulishwe kabla hajafika.

Kwa hiyo tuseme "nasali jumuiya ya Mtakatifu Anna", au "niko jumuiya ya Mtakatifu Anna", na aliyehama aseme "nimehamia". Neno mwanajumuiya lipo, linatosha. Mwanachama libaki kwa WAWATA na Lejio. Na katibu atakayeombwa barua na mtu asiyemfahamu, badala ya kuandika "si mwanachama hai wa jumuiya yetu", anaweza kuandika hivi: "Anaishi katika eneo la jumuiya yetu, nyumba ya tatu kutoka kisimani. Hatujafahamiana naye vya kutosha. Tutasali nyumbani kwake Jumamosi hii."