Kaseti moja magemu 16, chip mbili na swichi tu

Machalii wa Chuga (Arusha) wengi tumekulia kwenye zile TV gemu za Kichina, mpaka leo ukizunguka mitumba ya soko la Kilombero unaweza kuiokota, mashine inawaka fresh ila kaseti imebaki moja, imeandikwa 9999 kwa 1 halafu ndani magemu ni yaleyale yanajirudia. Kwa ndani ile ni Famicom ya Nintendo ya 1983 iliyokopiwa, tundu la pini 60, na haina ile chip ya ulinzi waliyoweka kwenye NES ya Marekani, so kaseti unajitengenezea mwenyewe na mashine haikuulizi kitu.

Anza na magemu ya aina ya NROM, yaani yale ya kaseti rahisi kabisa. Kilobaiti 32 za programu, 8 za picha, basi, na kila upande unataka chip yake maana CPU (chip inayoendesha gemu) na chip ya picha zina laini zake tofauti. Mimi natumia chip za SST39SF040 mbili, ni flashi (memori ya kuandika na kufuta) ya volti 5 kama mashine yenyewe na inafutika kwa umeme, achana na zile EPROM, chip za zamani za kuanika kwenye taa ya UV ndo zifutike. Sasa utamu uko hapa: chip moja ina kilobaiti 512, gemu la 32 linaingia mara 16, na laini za adresi (zinazochagua sehemu ya chip inayosomwa) A15 mpaka A18 gemu halizijui kabisa, kwa hiyo unazivuta kwenye swichi nne, ukibadilisha swichi umebadilisha gemu. Upande wa picha swichi hizohizo zinaenda A13 mpaka A16, zinazobaki peleka graundi. Kila laini ya swichi ipe rezista ya kilo-om 10 kwenda graundi, ukiiacha inaning'inia gemu litakufanyia vituko. Gemu la kilobaiti 16 liandike mara mbili mfululizo. Na faili la gemu la kwenye kompyuta, lile la .nes, likate baiti 16 za mwanzo, zile ni za emuleta (programu ya kuchezea gemu kwenye kompyuta) tu, ukiziacha kila kitu kinasogea na gemu haliwaki.

Bodi wala usiagize, chukua ya kaseti iliyokufa. Lile doa jeusi katikati ndo chip yenyewe, haling'oki, we kata njia za shaba kwa wembe kulizunguka halafu choma nyaya zako kutoka kwenye meno ya kaseti.

Watu wengi wanakwama kwenye vitu vidogo. Pini 45 na 46 za kaseti lazima ziungane, sauti inapita ndani ya kaseti, usipoziunga gemu linacheza bubu na we utahangaika kufungua TV ya watu. Pini 18 nayo inataka swichi ya tano: kwenye A10 ya picha kwa magemu yanayotembea kwenda pembeni, A11 kwa yanayopanda na kushuka, ukichanganya unaona ukuta wa nyuma umetokea mbele ya jamaa. Pini ya WE (ya kuandikia) ya flashi zote mbili ifunge kwenye volti 5.

Kifuniko? Chip za DIP (zile ndefu zenye miguu pande mbili) zikiwa kwenye soketi hakifungi. Yangu iko uchi na swichi nazifikia kirahisi, ukitaka ifunge tafuta za PLCC, zile fupi zenye miguu pande zote nne.