Gemu la mkakati na uhusika: maana yake, na la kwanza ulichague vipi

Pale Mafiati, Mbeya, kwenye kijiwe cha bodaboda, kuna ubao wa drafti uliochorwa kwa mkaa juu ya kipande cha mbao. Kete ni vizibo vya soda: wa upande huu vyake vimelala chali, wa upande ule vimelala kifudifudi. Abiria anaweza kusimama dakika nzima akisubiri dereva amalize kufikiria.

Mpwa wangu ni mteja wa ubao huo. Amemaliza kidato cha sita, anasubiri matokeo, na baridi ya Julai ya huku kwetu ikishafika saa kumi na mbili jioni haikubembelezi, unaingia ndani mwenyewe. Akaja kwangu Uyole, akakaa karibu na jiko la mkaa.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Vipi?”

“Nataka kuanza magemu ya mkakati, yale ya RPG. Lipi zuri la kuanzia?”

Nikamuuliza RPG ni nini. Akasema ni gemu la mapanga na mazimwi. Ndiyo maana naandika haya, kwa sababu ukichagua kwa kufuata mapanga na mazimwi, wiki ya pili umelifuta.

Herufi hizo tatu ni kifupi cha maneno ya Kiingereza, role-playing game, yanayomaanisha mchezo wa kubeba uhusika. Watu wengine hutafsiri “gemu la kuigiza”, na hapo akili inakimbilia bongo muvi. Hakuna anayeigiza. Unachukua nafasi ya mtu fulani ndani ya hadithi, naye anakua: anapata pointi za uzoefu kila anapopambana, anapanda levo, anabeba silaha nzito zaidi, anajifunza ujuzi mpya. Chimbuko lake ni michezo ya mezani, hasa Dungeons & Dragons ya mwaka 1974, nayo ilizaliwa na watu waliokuwa wakicheza vita mezani kwa vinyago vya askari. Kwa hiyo mkakati na uhusika ni ndugu wa tumbo moja, japo baadaye kila mmoja alijenga kwake.

Gemu ninalolizungumzia hapa ndilo lililowarudisha nyumba moja. Chukua ubao wa drafti. Zamu yangu, kisha zamu yako, hakuna anayekukimbiza. Sasa kila kete ipe jina, sura, silaha yake na umbali wake wa kutembea. Mpanda farasi anaruka vyumba vingi lakini anaiogopa mikuki. Mpiga upinde anapiga kutoka mbali, ila ukimsogelea hana la kufanya. Kete iliyoshinda leo kesho inaanza ikiwa na nguvu zaidi. Na kati ya pambano na pambano kuna hadithi: nani kamsaliti nani, mfalme yuko wapi, kwa nini tunavuka mto huu. Hilo ndilo gemu la mkakati na uhusika. Katika drafti unaacha kete iliwe ili ule tatu, na huumii. Humu unafikiria mara mbili, maana unayemtoa ana jina.

Nina kipimo kimoja cha kutenganisha aina hii na nyingine zinazofanana nayo: ukipoteza askari, umepoteza mtu au umepoteza namba? Kwenye Age of Empires askari akifa unanunua mwingine, tena kila kitu kinakwenda kwa wakati mmoja, mwenye mkono mwepesi ndiye anayefaidi. Huo ni mkakati bila uhusika. Advance Wars ya 2001 ina zamu na ina ramani ya vyumba, lakini vifaru vyake havina majina. Vikilipuliwa, kiwanda kinatoa vingine. RPG za kawaida nazo zina watu na hadithi, ila mapigano yake mengi mnasimama mkitazamana, na ardhi haina kazi.

Neno “mkakati” lenyewe lina kaudanganyifu kidogo. Mkakati ni mpango wa vita nzima: tule nini, tuzuie barabara ipi, tupigane mwaka huu au mwakani. Mengi ya magemu haya yanakuomba mbinu, yaani nani asimame wapi katika pambano hili moja. Ndiyo maana wengine huyaita magemu ya mbinu, na Wajapani, walioyakuza kuliko wote, wana jina lao lenye neno simulesheni. Usihangaike na majina. Ukiona zamu, ramani yenye vyumba na watu wanaopanda levo, umefika.

Turudi kwenye kuchagua. Watu wengi hukushauri uanze na lenye picha nzuri au lenye sifa kubwa. Mimi nasema angalia kitu kimoja kabla ya vingine vyote: gemu hilo linakuadhibu vipi ukikosea? Maana utakosea. Mwanzoni utakosea kila zamu.

Mwaka 1990 kule Japani lilitoka Fire Emblem la kwanza, chini ya mbunifu aitwaye Shouzou Kaga, na lilikuwa na sheria moja ngumu: mpiganaji akifa, amekufa. Hatarudi pambano lijalo, na mazungumzo yake yaliyobaki hutayasikia. Sheria hiyo ndiyo iliyolifanya gemu lipendwe, na ndiyo iliyowakimbiza wengi. Shining Force la 1992 lilikwenda njia ya upole: walioanguka unawapeleka kwa padri, unalipa, wanafufuka. Final Fantasy Tactics la 1997 likakaa katikati. Mtu wako akianguka, juu ya kichwa chake inatokea hesabu ya tatu inayoshuka kadiri zamu zake zinavyopita, na usipomfikia kabla haijaisha, umempoteza. Mimi hiyo naipenda kuliko zote, kwa sababu inakulazimisha uvunje safu nzuri uliyoipanga ili ukamchukue mwenzako. Lakini siyo ya kuanzia.

Fire Emblem wenyewe walilegeza kamba. Gemu lao la 2010, lililouzwa Japani tu, lilileta hali ambayo aliyeanguka anarudi pambano likiisha, na hali hiyo ikaendelea katika mengi yaliyofuata. Three Houses la 2019, la mashine ya gemu ya Nintendo Switch, linakuuliza mwanzoni kabisa unataka ipi, na juu yake linakupa uwezo wa kurudisha zamu nyuma mara chache katika kila pambano. Utasikia wakongwe wakisema ukichagua hali laini hujacheza. Waache. Hata kwenye drafti anayejifunza huruhusiwa kurudisha kete, na hakuna dereva wa Mafiati aliyewahi kufa kwa sababu hiyo.

La pili la kuangalia ni kama gemu linakuonyesha hesabu kabla hujaamua. Hapa nitumie The Battle for Wesnoth, gemu la bure lililoanzishwa na David White mwaka 2003 na kuendelezwa na watu wanaojitolea. Vyumba vyake vina pande sita badala ya nne, na linakwenda hata kwenye laptopu ya zamani.

Una askari wa mkuki. Kwa kawaida anachoma mara tatu, kila mchomo unamtoa adui pointi 7 za uhai. Mbele yake yuko askari wa kiorki (Waorki ni viumbe wakatili wa hadithi za kubuni) mwenye upanga, anapiga mara mbili, kila pigo pointi 9. Gemu hili lina mchana na usiku. Watu wa nuru, kama huyu wa mkuki, huongezewa robo ya nguvu mchana na kupunguziwa robo usiku. Waorki ni kinyume chake. Kwa hiyo mchana mkuki unatoa 9 na upanga unatoa 7. Usiku mkuki unashuka hadi 5, upanga unapanda hadi 11. Watu wawili walewale, na kilichobadilika ni jua tu.

Bado kuna ardhi. Askari wako akisimama uwandani, kila pigo la adui lina asilimia 60 ya kumpata. Akisimama kijijini, asilimia 40. Tofauti ya 20 inaonekana ndogo, lakini fanya hesabu: mapigo yote mawili kumpata uwandani ni asilimia 36, kijijini ni 16. Kukoswa na yote mawili uwandani ni 16, kijijini ni 36. Yaani umezigeuza namba juu chini kwa kusogea chumba kimoja. Na kijiji hicho kitamponya pointi 8 zamu ijayo, huku kikikuingizia dhahabu. Kabla hujabofya kushambulia, dirisha linakuonyesha silaha, idadi ya mapigo na asilimia. Anayeanza anahitaji gemu la namna hii, linaloanika kila kitu mezani, ili akishindwa ajue kwa nini.

Asilimia nazo zina lake. Siku mpwa wangu alipokosa pigo la asilimia 90 alisema kompyuta inaiba. Haiibi. Kumi katika mia ni nyingi kuliko tunavyodhani, na usipange zamu ambayo isipofanikiwa huna pa kukimbilia.

Kuhusu kusevu nitasema kwa uchungu, maana yalinikuta. Gemu moja la zamani liliniruhusu kusevu kati ya mapambano mawili yanayofuatana, ndani ya ngome. Nikasevu juu ya faili langu la pekee. Pambano la pili lilikuwa la mtu mmoja kwa mmoja, na shujaa wangu nilikuwa nimemlea vibaya. Kurudi nyuma kununua silaha, haiwezekani. Kumshinda yule bwana, haiwezekani. Saa zaidi ya thelathini zikaishia pale. Weka faili mbili, tatu, hata kama gemu linasevu lenyewe.

Sasa, ya kuanzia ni yapi? Mwenye laptopu na asiye na hela ya gemu, Wesnoth. Linataka bando mara moja tu wakati wa kudaunlodi, baada ya hapo unacheza bila intaneti. Pitia mafunzo yake ya awali, usiyaruke, kisha ingia kampeni ya The South Guard, iliyoandikwa kwa ajili ya wageni. Mwenye Switch, Three Houses, ugumu wa kawaida na hali ya wapiganaji wanaorudi. Hadithi yake ni ndefu na ina shule ndani, unawafundisha mwenyewe vijana utakaowapeleka vitani. Mwenye hela kidogo na asiyependa maneno mengi, Into the Breach la 2018. Ubao wake ni vyumba nane kwa nane, uleule wa drafti, na kila adui anatangaza atapiga wapi kabla hajapiga. Uhusika wake ni mwembamba, nakiri, lakini hakuna linalofundisha kusoma ubao kama hilo.

Disgaea liache kwanza. Levo zake zinafika 9999, na ni tamu kwa anayependa kukuza namba, ila mgeni atadhani magemu yote ya aina hii ni kazi ya kulima bila kuvuna. Final Fantasy Tactics liwe la pili au la tatu. Yale ya simu ya bure yanayokufanya uvute mashujaa kwa bahati nasibu, shujaa mzuri akiwa mmoja katika vuta nyingi, nayaweka mbali na mwanafunzi yeyote mwenye salio kwenye simu. Siyo kwamba yote ni mabaya kimchezo. Shida ni kwamba ukishindwa, jibu linaloletwa mbele yako ni kununua, na mbinu hujifunzi.

Kuna swali mpwa wangu aliuliza ambalo sikulitegemea: kwa nini kwenye vibanda vya PS pale Mwanjelwa hayachezwi? Nadhani ni biashara tu. Kibanda kinalipisha kwa mechi, wawili wanacheza, watano wanasubiri pedi. Gemu la saa arobaini, la mtu mmoja anayekuna kidevu, litamfukuzia mwenye kibanda wateja. Hili ni gemu la nyumbani, usiku, na blanketi. Lina faida yake pia: umeme ukikatika betri ikiwa nzima, hupotezi kitu, na mama akikuita ukachote maji, adui anakusubiri hapohapo alipo.

Akaondoka na Wesnoth kwenye flashi. Siku ya tatu, saa tano usiku, simu ikaita ujumbe.

“Mjomba, yule wa mkuki amekufa. Nimemwacha uwandani, giza likatukuta. Nirudie steji?”

Nikamuuliza alikuwa levo ya ngapi, maana kama ni wa levo ya kwanza, wa kuajiri mwingine wapo tele na dhahabu inatosha.

Levo hakuitaja. Aliniandikia jina lake, na kwamba alikuwa naye tangu steji ya kwanza.