Maabara bado hawajamaliza kazi

Nimeulizwa tena wiki hii, safari hii na msomi kabisa: kama wataalamu wameshajua kugeuza fulana kuukuu kuwa uzi mpya, viwanda vinangoja nini? Kabla sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe: tamaa. Sibishi, tamaa ipo. Lakini kwa mtu ambaye asubuhi yuko maabara na mchana yuko kiwandani, jibu hilo linachosha.

Soma makala za urejelezaji wa pamba, ile sehemu ya mbinu ambayo watu huiruka. Mara nyingi utakuta gramu chache za kitambaa kipya, cheupe, hakijatiwa rangi wala kuvaliwa. Haya, sasa twende tukafungue robota la mitumba. Nachomoa jinzi moja yenye lebo ya pamba asilimia 100. Uzi wa mshono ni poliesta. Mifuko ya ndani ni mchanganyiko. Lebo yenyewe inayoapa kuwa ni pamba tupu imefumwa kwa poliesta! Bado zipu, kifungo, na vile vipini vya shaba pembeni mwa mifuko. Wala si udanganyifu: hata Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1007 ya mwaka 2011 haihesabu vifungo wala lebo katika asilimia hizo. Lebo iliandikwa kwa ajili ya mvaaji. Anayekuja kuyeyusha nguo hakufikiriwa.

Na kwa anayeyeyusha, hayo si madogo. Ukitumia NMMO, kile kiyeyushi cha kutengenezea lyocell, yaani uzi wa selulosi iliyoyeyushwa, chembe za chuma au shaba huchochea kuvunjika kwake, na joto likipanda mtambo unaweza kulipuka. Kipini kimoja kilichopita kwenye kuchambua kinatosha kumnyima meneja usingizi.

Halafu kuna jambo ambalo huniudhi zaidi kwa sababu halionekani. Kila ukifua, minyororo ya selulosi, ile inayoijenga pamba yenyewe, inakatika kidogo. Shati lililofuliwa mara kumi na lililofuliwa mara mia yote ni pamba, lakini ukiyayeyusha la kwanza linatoa uji mzito, la pili mchuzi mwepesi. Maabara hupima shati moja na kurekebisha. Kiwanda kinapokea wastani wa mashati elfu, na robota linalofuata lina wastani wake. Skana za infraredi za kutambua aina ya nyuzi? Zinasaidia, ila zinasoma uso wa kitambaa tu, nyeusi nyingi zinazipiga chenga, na elastani, ule uzi wa kuvutika, ya asilimia mbili hupita kimya kimya.

Urejelezaji wa kuchana kwa mashine sitaukalia: nyuzi zinafupika, unachanganya na pamba mpya, basi.

Sasa nijichome mwenyewe. Kampuni ya Renewcell ilijenga kiwanda Sundsvall, Sweden, kikaanza kazi 2022, kikatoa rojo ya selulosi kutoka kwenye pamba chakavu. Februari 2024 wakaomba kufilisika, oda zilikuwa chache mno. Hapo hoja yangu ya robota inachechemea, kwa sababu teknolojia ilifanya kazi, wanunuzi ndio walikosekana. Kwa hiyo yule msomi ana nusu ya haki, na inaniuma kuandika hivyo.

Isitoshe, mimi pia nimewahi kufunga ripoti kwa ile sentensi yetu maarufu, "mbinu hii inaweza kupanuliwa hadi kiwango cha kiwanda", bila kupiga hesabu ya kuchambua, kung'oa zipu, wala maji. Sote huiandika. Hakuna mhakiki aliyewahi kuniuliza itapanuliwaje.

Juzi nilimpelekea mtafiti mmoja kilo tano kutoka robotani, kama zilivyo. Akanipigia kwa mshangao: "Ndugu yangu, humu kuna soksi mbichi, na suruali ina sarafu mfukoni!" Nikamwambia ndiyo sampuli hiyo, aanze kazi.