Rafiki Anapokawia Kulipa: Dai Neno Lake Kabla ya Pesa Zako

Mtu akifika kwenye dawati letu la msaada wa kisheria hapa Lamu kulalamika kwamba rafiki hamlipi, huwa subira imeshamwisha. Simu hazipokelewi, wakikutana uwanjani Mkunguni mwenzake anageuza uso, na swali lake ni moja tu: "Nimpeleke polisi?"

Hapana. Deni la kukopeshana ni shauri la madai, na polisi hawakusanyi madeni. Jinai inaingia pale mtu alipokuhadaa tangu mwanzo, mathalan alikuuzia mashua isiyo yake. Aliyekopa akiwa na nia ya kulipa, kisha mambo yakamwendea kombo, hana kosa la jinai hata kama anakuudhi kila ukimwona.

Swali letu sisi huwa jingine: una nini kinachoonyesha kwamba pesa zile zilikuwa mkopo? Wengi hapo hutoa simu na kufungua ujumbe wa M-Pesa. Ujumbe ule una kiasi, jina, tarehe na saa, lakini hausemi pesa zilikwenda kwa sababu gani. Mbele ya hakimu mwenzio anaweza kusema ulimsaidia tu, au ulikuwa ukimlipa yeye, na mzigo wa kuthibitisha ni wako wewe unayedai. Mambo huwa magumu zaidi pesa zilipotumwa kwenye laini ya mtu mwingine. "Nitumie kwa namba ya mke wangu, yangu itakatwa deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa." Ukatuma. Leo jina lililo kwenye simu yako si la mdaiwa wako.

Kwa hivyo, kabla ya kudai pesa, pata neno lake la kukiri deni. Usianze kwa vitisho, maana aliyetishwa hunyamaza, na kimya chake hakikufai kitu. Mwandikie kwa upole, ukitaja kiasi, siku na sababu. Kwa mfano: "Assalaam aleikum ndugu yangu. Zile 45,000 nilizokukopesha mwezi wa tatu za kutengeneza injini, nilizituma kwa namba ya shemeji. Tulisema utarudisha baada ya Idi. Nijulishe umejipangaje." Akijibu, "Naam, nakumbuka, nivumilie kusi ipite," ameshakiri deni, kiasi na laini iliyopokea. Usiufute ujumbe huo, na ukibadilisha simu hakikisha haupotei. Ujumbe wa sauti nao uhifadhi.

Na huko kusema "kusi ipite" si lazima iwe hila. Kwa mvuvi wa Shela au nahodha anayetembeza wageni, miezi ya kusi bahari ni chafu, wageni ni haba, na anayemtaka alipe kila mwisho wa mwezi kama mwajiriwa wa serikali atavunjiwa ahadi. Bora mkubaliane kiasi kidogo wakati wa kusi na kikubwa kaskazi ikivuma. Makubaliano hayo myaandike kwenye karatasi moja: majina kamili, namba za vitambulisho, jumla ya deni, tarehe za kulipa, sahihi zenu na za mashahidi wawili. Wakili si lazima.

Hapa ndipo watu wetu huona haya. Kuandikiana, wanasema, ni kutoaminiana. Mimi naona haya hiyo haina msingi, hasa katika mji kama huu. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inawahimiza walioamini waandikiane deni la muda na waweke mashahidi. Aya ya 280, mbili tu kabla yake, inataka mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni sadaka. Mtu anaweza kuzifuata zote mbili. Mali bila daftari hupotea bila habari, na huwezi kumsamehe mwenzio deni ambalo nyote wawili hamjui limebaki kiasi gani.

Akilipa kidogo, pokea, kisha mwandikie papo hapo: "Nimepokea 5,000, imebaki 40,000." Wapo wanaokataa malipo madogo kwa hasira. Wanapoteza zaidi ya pesa hizo. Sheria ya Kenya inakupa miaka 6 ya kufungua kesi ya deni la makubaliano, kuanzia siku ya kulipa ilipopita bila malipo. Kama hamkuweka tarehe, salama yako ni kuhesabu tangu siku uliyotoa pesa. Malipo ya sehemu ya deni, au maandishi ya kukiri deni yenye sahihi yake, huanzisha hesabu hiyo upya.

Kuna jambo la mdhamini ambalo huwashtua wengi. Rafiki wa tatu aliyesema barazani, "Mpe tu, asipolipa niko mimi," hawezi kushtakiwa kwa neno hilo. Dhamana ya deni la mtu mwingine lazima iwe imeandikwa na kutiwa sahihi. Mkopaji mwenyewe, yeye hushtakika hata kwa makubaliano ya mdomo, mradi uthibitishe.

Usimfungulie injini yake ufukweni usiku, utaitwa mwizi. Usishike kitambulisho chake; kile si rehani. Picha yake usiisambaze kwenye makundi ya WhatsApp ukimwita tapeli, maana unaweza kujikuta wewe ndiye unayedaiwa fidia. Na usimwongezee faida ambayo hamkukubaliana.

Mazungumzo yakikwama, tafuta mtu mnayemheshimu nyote: mzee wa mtaa, imamu, au mkubwa wa familia yake. Katiba, kifungu cha 159, inahimiza upatanisho, na makubaliano ya kikao hicho nayo yaandikwe. Ukishindwa hapo, mpelekee barua ya madai yenye muda wa kulipa, ubaki na nakala.

Kisha kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, Kiswahili kinatumika, na kanuni za ushahidi hazishikiliwi kwa ukali. Sheria inataka shauri liishe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Anzia masijala ya Mahakama ya Lamu au Malindi, ueleze kiasi unachodai, uelekezwe pa kufungua. Usiende kwa Kadhi kwa deni la kawaida. Katiba imempa ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu kwa Waislamu.

Ukishinda, usitarajie mwenzio afungwe kesho yake. Kifungo cha deni kipo, lakini ni kwa anayeonekana ana uwezo na anakataa kulipa au anaficha mali. Asiye nacho hafungwi kwa umaskini wake, na mara nyingi amri itakayotoka ni ya kulipa kwa awamu, kama ile mngeweza kuandikiana wenyewe.

Mdaiwa akifariki, deni halizikwi naye. Hulipwa kutoka kwenye mali aliyoacha, kabla warithi hawajagawana. Siku za matanga familia huuliza nani anamdai marehemu: jitokeze kwa adabu na karatasi yako. Wakishagawana, kila mmoja na fungu lake, utahitaji kuwafuata mmoja mmoja. Wakikukana, nenda mahakama inayoshughulikia mirathi hiyo, na hapo Kadhi ana nafasi yake.